Vyumba Vidogo vya Rangi: Historia Niliyoitafuta kwa Sababu ya Kodi

Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa na chumba kimoja hapa Kasubi, nyuma ya maduka, si mbali na barabara ya Hoima. Chumba chenyewe hatua 6 kwa 4, dirisha moja, sakafu ya sementi, bati juu. Kila Jumamosi vijana 14 walikuja kujifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi ya mafuta. Wengi ni Wakongomani kama mimi, watu wa Bukavu, Uvira, Goma na Bunia. Wawili ni Warundi. Mmoja ni Mganda wa jirani, aliyekuja kuuliza ile harufu inatoka wapi, akabaki.

Mimi si mchoraji. Nimemaliza sekondari na ninafanya kazi na vijana. Kazi yangu pale ilikuwa kufungua mlango, kutafuta vifaa na kuamua ugomvi. Anayefundisha ni mwenzangu, yaya mmoja ambaye kule Goma alikuwa anaandika vibao vya maduka na kuchora wanamuziki kwenye kuta za vinyozi. Kodi ilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Siku wageni walipokuja, tulikuwa tunadaiwa miezi 2.

Wageni wenyewe walikuwa wa shirika moja linalosaidia wakimbizi. Watu wa heshima, walivua hata viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaomba. Waliangalia picha ukutani: mama wa mmoja wetu, bibi harusi, mchezaji wa mpira, mzee wa duka la jirani na kofia yake. Mkubwa wao akaniambia kwa upole kwamba picha ni nzuri, lakini za namna hii mtu yeyote anaweza kuchora. Je, vijana hawawezi kuchora waliyoyapitia? Vita, safari, kambi. Kama wakikubali, shirika lingelipa kodi ya miezi 6 na kufanya maonyesho Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Halafu akaongeza, "Na msiwafundishe sana. Mkiwafundisha sana watapoteza ule ukweli wao."

Neno hilo la mwisho halikunitoka kichwani. Nilitaka kujua kama kuna watu waliowahi kuambiwa hivyo kabla yetu, na walijibu nini. Nikaanza kusoma, usiku kwenye simu, na siku zingine katika vitabu vya kuazima. Nilichokuta ni kwamba neno lile ni la zamani sana, na lilisemwa hapa hapa Kampala, mwendo wa miguu kutoka mlango wetu.

Kilima cha Kasubi

Tuanze na kilima tunachoishi. Kasubi inajulikana duniani kwa sababu ya Amasiro, makaburi ya wafalme wa Buganda. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapa mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Baada yake wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. Sisi wakimbizi tunapopita pale tukumbuke kitu kimoja: kati ya wafalme hao 4, wawili walifia uhamishoni. Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903, mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Edward Muteesa, aliyekuwa rais wa kwanza wa Uganda, alifia London mwaka 1969 na akarudishwa mwaka 1971. UNESCO iliandika Kasubi kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kubwa iliungua, na kazi ya kuijenga upya ikachukua miaka mingi.

Kabla ya moto, mtu aliyeingia ndani aliona picha za wafalme hao zimepangwa mbele ya pazia la lubugo, kile kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba. Na picha, kwa Kiganda, ni ekifaananyi. Siku kijana wetu Mganda alipolitamka neno hilo darasani sote tulicheka, maana tulisikia neno letu ndani yake: kufanana. Picha ya kamera ni ekifaananyi, mchoro ni ekifaananyi, hata sanamu. Neno halijali kitu kimetengenezwa na nini. Linajali kinafanana na nani.

Sasa, sura ya Muteesa wa Kwanza inayojulikana zaidi ilitoka wapi? Ilitoka kwa Henry Morton Stanley, aliyempiga picha mwaka 1875 akiwa amesimama na wakuu wake. Picha ikaenda Ulaya, ikachongwa upya na kuchapwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1878. Kabla yake, John Hanning Speke alikuwa amefika kwa Muteesa mwaka 1862 na kurudi kwao na michoro. Stanley ni yule yule ambaye, miaka michache baadaye, alizunguka Kongo yetu akisainisha machifu mikataba kwa ajili ya Mfalme Leopold. Kwa hiyo sura ya kabaka ilitengenezwa kwanza na mgeni, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Lakini haikubaki huko. Ilirudi, na wachoraji wa Uganda wameichora tena na tena mpaka imekuwa yao. Hilo nililiweka akilini.

Barazani kwa Margaret Trowell

Mwaka 1935 alifika Uganda mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, pamoja na mume wake, daktari Hugh Trowell. Mama huyu alikuwa amesomea uchoraji katika shule ya Slade, London. Mwaka 1937 akaanza kufundisha wanafunzi wachache barazani, nyumbani kwake. Hakuwa na jengo wala studio. Miaka 2 tu baadaye, mwaka 1939, kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Darasa likaingia chuo cha Makerere, likakua, na leo shule ya sanaa ya Makerere bado ina jina lake. Kutoka Kasubi unashuka Nakulabye, unapanda kilima kingine, umefika.

Namna yake ya kufundisha ndiyo iliyonishtua. Hakupenda kuweka mtu mbele ya wanafunzi wamnakili. Aliwasimulia jambo, tuseme habari ya Biblia au mambo ya kijijini, nao wakaona kwanza kichwani, ndipo wakachora. Aliogopa kwamba akiwapa kanuni za Ulaya, yaani vivuli, umbali, vipimo vya mwili, basi ataua kitu ambacho tayari wanacho. Unaona? Msiwafundishe sana.

Sitaki kumhukumu vibaya. Wakati ule kulikuwa na wakubwa wengi waliosema Mwafrika hana sanaa kabisa. Yeye alisema anayo, akatembea kutafuta vikapu, vyungu na ngoma za Uganda, akaandika vitabu juu yake, na akaitunza Makumbusho ya Uganda kwa miaka kadhaa. Alikuwa na huruma na bidii. Lakini hata mtu wa huruma anaweza kukuamulia wewe ni nani. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma kuchora miili na nyuso huko Slade. Ni yeye aliyeamua kwamba wanafunzi wake hawahitaji hayo kwanza.

Hangari ya Lubumbashi

Nilifikiri hiyo ni habari ya Waingereza na Uganda. Kumbe kwetu Kongo ilikuwa hivyo hivyo, karibu miaka ile ile. Mwaka 1946, katika mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville na leo ni Lubumbashi, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hangari, jina tu linakuonyesha ilikuwa mahali pa namna gani. Yeye pia alikataza kunakili Ulaya. Kila mmoja atafute njia yake ndani yake. Pilipili Mulongoy akachora samaki, ndege na nyoka kwa alama ndogo ndogo kama za mfumaji. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi iliyolala upande kwa upande. Bela, aliyetoka mbali, upande wa Chadi, alichora kwa vidole bila brashi. Ni kazi nzuri mno, ukiziona hutazisahau. Lakini nyuso za watu, sura ya mtu huyu na si yule, hutazikuta mara nyingi.

Mwaka 1951, mji huo huo, Mbelgiji Laurent Moonens alifungua akademia ya sanaa, na huko kulikuwa na masomo kama ya shule. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, watu wa hangari wakahamia upande wa akademia, na baadhi yao wakawa walimu. Hapo nikaona ugomvi wenyewe uko wapi. Upande mmoja unasema: waacheni kama walivyo. Upande mwingine unasema: wapeni kila kitu, watachagua wenyewe.

Mtu aliyeomba afundishwe

Kuna Mwafrika mmoja aliyelijibu swali hili mapema kuliko wote niliowasoma. Anaitwa Aina Onabolu, wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1882. Alijifunza mwenyewe kuchora sura kwa kuangalia picha za vitabu na magazeti. Akiwa bado kijana, mwaka 1906, alimchora mama mmoja wa Lagos, Bi. Spencer Savage, na picha hiyo inatajwa mpaka leo. Mwaka 1920 akaenda London kusomea, akarudi na cheti chake, akawa anafundisha katika shule za Lagos kuchora sawasawa: umbali, mwanga, uso wa mtu aliyekaa mbele yako. Kazi ikawa nyingi, akaiomba serikali ilete mwalimu mwingine wa kumsaidia. Mwaka 1927 akaja Kenneth Murray, Mwingereza. Na Murray akaenda njia nyingine kabisa: alitaka wanafunzi warudie mambo ya jadi, waache hayo ya Ulaya.

Fikiria hapo, msomaji. Mwafrika anasema rangi ya mafuta na sura ya mtu ni elimu, nami ninaitaka. Mzungu anamwambia hapana, hiyo siyo yako. Onabolu alikuwa anachora madaktari, mapadri na kina mama wa Lagos na nguo zao nzuri, wakati wengine walikuwa wanachora Waafrika katika vikatuni vya kuchekesha. Kwake, kujua kuweka kivuli chini ya pua lilikuwa jambo la heshima. Ukijua, unaweza kumwonyesha mama yako jinsi alivyo, na hakuna atakayesema ni kikatuni.

Wanafunzi hawakusubiri

Margaret Trowell aliondoka Makerere mwaka 1958, na baada yake akaja Cecil Todd, aliyeleta masomo ya rangi, ya kuchora mtu aliye mbele yako, na historia ya sanaa ya dunia nzima. Mlango ukafunguliwa zaidi. Lakini kilichonifurahisha ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuwa wamesubiri ruhusa.

Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya aliyezaliwa mwaka 1922, alipita kwa Bi. Trowell akawa mchongaji na mwalimu. Ile sanamu ya uhuru katikati ya Kampala, mama aliyefungwa vitambaa anamwinua mtoto juu, ni yake, ya mwaka 1962. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma Makerere, akafundisha hapo, akaenda hadi Slade ile ile ya mwalimu wake, lakini akaendelea kuchora migomba na watu wa kijijini kwao kwa namna yake. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alitumwa London kuwa balozi. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, mwaka 1959 alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, watu wote wakiwa Waafrika na nchi ikiwa ya pale pale, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi na wenzake.

Na yupo mwingine ninayempenda zaidi, Jak Katarikawe. Mtu wa Kigezi, dereva, hakusoma sanaa shuleni. Michoro yake ilimfikia Ntiro hapo Makerere, na Ntiro akamsaidia kujifunza. Baadaye alihamia Nairobi, akajulikana kwa ng'ombe wake wenye rangi za ndoto, za mafuta. Theresa Musoke pia, aliyesoma Makerere, aliishi Nairobi miaka mingi Uganda ilipoharibika katika miaka ya 1970. Kwa hiyo Waganda wachoraji nao wamewahi kufanya kazi katika mji wa wengine kama sisi leo. Hakuna aliyewadai wachore tu kukimbia kwao.

Ukumbusho

Labda utaniuliza: kwani mkimbizi akichora vita ni vibaya? Hapana. Mfano mkubwa kuliko wote niliokuta ni wa mtu aliyechora vita nyingi, na alizungumza Kiswahili chetu.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947, akawa mchoraji wa Lubumbashi. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akapita nyumba kwa nyumba kuuza. Wanunuzi hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyakazi na watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Picha za namna hiyo wenyewe waliziita za ukumbusho: unaitundika, mgeni anakuja, anauliza, mazungumzo yanaanza. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia yote ya Kongo, picha kama 100 mfululizo, kutoka mababu mpaka wakati wa Mobutu, na akamweleza kila picha kwa Kiswahili profesa mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996. Lakini mchoraji mwenyewe hakukiona, kadiri watu wanavyojua, maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyesikia habari zake tena.

Katika picha hizo kuna damu, minyororo, viboko, na Lumumba mara nyingi sana. Lakini Tshibumba alijiita mwanahistoria. Yeye alichagua nini kianze na nini kifuate. Alichora vita kwa sababu alikuwa na neno la kusema juu yake, na majirani zake walinunua kwa sababu ilikuwa habari yao. Hakuna aliyekuja na mkoba akasema, chora kidonda chako, halafu nitalipa kodi.

Rangi ya ngozi

Sasa nirudi chumbani. Nikueleze kwanza kwa nini vijana walipenda hizi picha "za mtu yeyote".

Rangi ya mafuta si ile ya milango. Ukiiomba dukani kwa vifaa vya ujenzi watakupa ile ya milango, ilitutokea sisi. Ya wachoraji ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya mbegu za kitani. Haikauki kama maji yanavyokauka. Yale mafuta yanashikana polepole na hewa, siku kadhaa, saa ingine wiki, na mvua za Kampala zikija zaidi ya hapo. Tuliinunua tyubu 6 tu: nyeupe, njano, nyekundu, buluu, kahawia na nyeusi. Kitambaa cha kuchorea ni bei, kwa hiyo tulifua viroba vya unga vya pamba, tukavipigilia kwenye mbao, tukavipaka gundi na rangi nyeupe ya maji, maana mafuta yakigusa kitambaa kitupu baada ya muda yanakioza. Nilikuwa bado sijasoma habari za Tshibumba wakati huo. Nilipomsoma na magunia yake nilicheka peke yangu usiku.

Kukauka polepole kuna faida yake. Leo umekosea shavu, kesho bado ni laini, unarekebisha. Kijana mwenye hasira anajifunza hapo kitu ambacho mimi kwa semina zangu zote sikuweza kumfundisha.

Msichana mmoja wa Uvira alikuwa anamchora mama yake. Akachukua nyeusi na kahawia, akachanganya, akapaka uso mzima. Ukawa kama tope. Akalia karibu. Yaya akamwambia, "Acha brashi. Kaa mbele ya mama, mwangalie, usichore." Wakakaa. Kisha akamuuliza: paji la uso lina rangi gani? Msichana akasema, buluu kidogo, mwanga wa dirishani. Chini ya kidevu? Kijani, ukuta unarudisha rangi. Masikioni? Nyekundu, jua linapita. Hakuna tyubu inayoitwa rangi ya ngozi yetu. Unaijenga, na huwezi kuijenga bila kumwangalia mtu muda mrefu. Mama yule, ambaye kila siku anapanga nyanya sokoni na hakuna anayemtazama usoni, alikaa masaa mawili anaangaliwa na binti yake. Alipoondoka aliniambia, "Leo nimepumzika."

Kura

Nilivyosema, nilitafuta historia kwa sababu ya kodi. Nikubali ukweli: mwanzoni mimi nilitaka tuchukue pesa. Niliwaza, mchoro mmoja mmoja wa vita, basi, tunabaki na chumba. Lakini kwa kuwa nilishasoma, niliwaeleza vijana habari hizi zote, za baraza, hangari, Lagos na magunia, halafu nikawaambia waamue.

Kijana mmoja wa Bunia alisema, "Mimi nilikuja mgongoni mwa mama. Vita sikuiona. Nikichora bunduki nitakuwa naiga ile ya kwenye simu." Mwingine, mkubwa zaidi, wa upande wa Masisi, akasema, "Mimi niliiona. Siku nitakayotaka kuichora nitaichora. Wasiniwekee tarehe 20." Mmoja wa Warundi akabisha kwa nguvu: "Nyinyi mnaongea kama matajiri. Tukifukuzwa hapa, hiyo heshima tutaitundika wapi?" Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na sikuwa na jibu. Tulipiga kura: 9 walikataa, 5 walikubali.

Tuliwaandikia wageni tukapendekeza maonyesho ya sura za wazazi wetu, 14, kila moja na jina na mji aliotoka. Walijibu kwa adabu kwamba haiendani na mada ya mwaka ule. Mwisho wa mwezi uliofuata mwenye nyumba alitaka chumba chake, na alikuwa na haki. Tulibeba picha kichwani kupita barabarani, ambazo hazijakauka tukazishika kwa pembe. Watoto wa mtaa walitufuata wakitaja majina ya nyuso wanazozijua.

Kwa miezi 3 hatukuwa na darasa, na vijana 3 hawakurudi tena. Hiyo ndiyo gharama, siwezi kuificha. Yule Mrundi aliyebisha ni mmoja wao.

Sasa tuko tena Kasubi, chini kidogo, barazani kwa nnyabo mmoja Mganda, mjane. Hatulipi kodi. Aliomba kitu kimoja: tumchoree marehemu mume wake kutoka picha ndogo ya kitambulisho, ukubwa wa kidole gumba. Vijana waliigawa kwa miraba, wakaikuza mraba kwa mraba, na kila wakikwama walimuuliza mama: nywele zilianzia wapi, sikio lilikuwa linasimama au linalala, alicheka na upande gani wa mdomo. Mambo hayo hayakuwa kwenye kitambulisho. Ilichukua Jumamosi 7. Jirani aliyemjua mzee aliposimama mbele yake alimsalimia.

Barazani hakuna harufu ya kuumiza kichwa, na mwanga ni mzuri kuliko ule wa dirisha letu. Mvua ikinyesha tunajibana ukutani. Mwezi uliopita yule kijana wa Masisi alinivuta pembeni akaniomba kiroba, na si kimoja. Alitaka vinne, tuvishone pamoja. Nilimtafutia. Sikumuuliza anataka kuchora nini.